Kutwa Mara Tatu

Miezi miwili ya kwanza ya uanagenzi wangu katika famasi moja mjini Tanga sikuruhusiwa kumpa mgonjwa dawa. Nilifuta rafu, nikapanga mbele maboksi yanayokaribia kuisha muda, nikajifunza kuhesabu vidonge kwenye trei, vitano vitano, bila kuvigusa kwa vidole. Mwezi wa tatu, dada aliyekuwa akinifundisha alinipa kalamu na bahasha. "Sasa toa dawa."

Niliandika 1x3, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Kimoja, kutwa mara tatu, baada ya kula."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Bibi mmoja alileta cheti cha daktari: ibuprofeni, kwa maumivu ya mgongo. Nikamwambia maneno yale yale. "Haya mwanangu, nimesikia."

Kesho yake alirudi ameshika tumbo. Hakuja kunishtaki. Alinieleza alivyonitii: mchana amefunga, na adhana ya magharibi ikilia kutwa imekwisha; basi akameza vyote vitatu pamoja, kwa tende na maji, asibakize deni. Tumbo likamwaka usiku kucha.

Usiku kucha, mchana kutwa. Nimeyasema hayo tangu utotoni, lakini nyuma ya kaunta nilisahau maana yake. Kwetu dukani kutwa ilikuwa saa 24. Kwa bibi ilikuwa vile ilivyo: tangu jua lichomoze mpaka lizame. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko bahasha yangu.

Dada hakunigombeza mbele yake. Alimkalisha, akamuuliza kama ametapika damu au amepata choo cheusi. La. Hata hivyo akamrudisha kwa daktari. Tulipokuwa tunafunga duka ndipo akaniuliza, "Wewe jana ulimuuliza nini?"

Sikuwa nimemuuliza lolote, hata kama amefunga.

Bibi alikuja tena na cheti kipya, cha parasetamoli: viwili usiku, viwili alfajiri. Nilihesabu, kisha nikaiweka kalamu chini.

"Bibi, hebu niambie utavimezaje."

"Leo unanitahini?" Akacheka. "Viwili nikishafuturu. Viwili nikila daku."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye bahasha kama alivyosema yeye.