Mpaka Uliohama

Msomaji, nikitaja mtu akaaye katika nchi ya watu pasipo hati, yamkini mawazo yako huruka mara moja mpaka bahari ya Mediterania, kwenye mashua iliyojaa vijana wenye kiu, au mpaka ukuta wa Marekani na Meksiko. Nakusihi uyarudishe karibu. Njoo nami Laini Saba, katika Kibera, ambako nimesomesha miaka kadhaa tangu nilipotoka chuo cha ualimu.

Wazee wa Kinubi husema kuwa jina la mahali hapa halina uhusiano na hesabu ya saba, bali lilitokana na neno shabaha, kwa kuwa askari wa King's African Rifles walijifunza kulenga hapa. Kibera nayo, kwa lugha yao, ni msitu. Asili ya askari hao ilikuwa Sudani. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaandika wengi wao karibu na Ziwa Albert, na baadaye wao na wana wao walitumika katika jeshi hilo, lililoundwa mwaka 1902. Walipomaliza utumishi waliruhusiwa kujenga katika msitu huu, ambao mwaka 1918 ulitengwa rasmi kwa ajili yao. Wenzao wengine walikaa Bombo, katika Uganda. Wakaoana, wakazikana, na bendera iliyopepea juu ya pande zote mbili ilikuwa moja.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, na Kenya mwaka 1963. Mtu wa Kibera hakufunga mzigo siku hiyo wala hakupanda gari. Mpaka ndio uliohama: mstari uliotenga nchi mbili za bwana mmoja uligeuka kuwa mpaka wa mataifa mawili, nao ukapita katikati ya jamaa.

Hapa pana kichekesho kichungu. Tangu mwaka 1920 hivi, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika katika Kenya kubeba kipande, nacho kilitiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Babu zetu walikichukia, na walikuwa na haki. Nani angalidhani kuwa wajukuu watapanga foleni tangu alfajiri wakiitafuta karatasi?

Maana kwa miaka mingi mambo yalikuwa hivi. Kijana wa jamii nyingine alipotimiza miaka 18 alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake, akangoja. Kijana wa Kinubi alisimamishwa kwanza mbele ya kamati, akatakiwa aonyeshe hata hati za babu yake. Asiyepata kitambulisho hapati kazi ya serikali, hafungui akaunti benki, hapigi kura, wala haombi pasipoti. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ardhi ya ekari 288 katika Kibera, na Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha uchunguzi wa ziada. Hayo ni mema. Lakini miaka ambayo mtu ameipoteza akingoja hairudishwi na tangazo.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kutunga hadithi juu ya mhamiaji asiye na hati. Karibu wote walivuka jangwa la Sahara, na wengi walizama. Msichana mmoja hakufika mbali hivyo. Aliandika juu ya kaka na dada, baba mmoja na mama mmoja, waliozaliwa katika chumba kimoja. Kaka alipata kitambulisho. Dada aliambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa miaka mitano. Mama yao aliugua akiwa Bombo kwa ndugu zake, akafa huko. Wote wawili walipanda basi mpaka Busia. Kaka alipita. Dada alibaki upande huu, amekumbatia kifurushi cha sanda na ubani, kisha akampa kaka yake kupitia kwenye uzio, akamwambia, "Mwambie nilifika mpaka hapa."

Nilimwuliza mtungaji kwa nini hakumpitisha binti huyo katika njia za panya, ambazo kila mtu wa Busia anazijua. Wengine darasani walicheka. Yeye hakucheka.

"Mwalimu," alisema, "akipita huko atakuwa kweli yule waliyemdhania."

Nilimwuliza pia kama hadithi ile aliibuni yote. Alinijibu kwamba kifurushi alikibuni.

Msichana huyo atatimiza miaka 18 mwakani.