Moyo Usiolalamika: Utabibu wa Kisukari Murusagamba

Sehemu kubwa ya utumishi wa mwandishi wa tawasifu hii ilipita Murusagamba, upande wa Wilaya ya Ngara unaoelekea Burundi, ambako tabibu aliweza kumpima mgonjwa wa kisukari sukari na shinikizo la damu, lakini hakuwa na namna ya kuona hali ya ateri za koronari, yaani mishipa inayoupelekea msuli wa moyo damu. Mishipa hiyo inapozibwa taratibu na utando wa mafuta, wengi hubanwa kifua. Bali mwenye kisukari cha muda mrefu, ambaye neva zake zimekwisha kuharibika, huenda asisikie maumivu yoyote, akachoka tu na kuhema apandapo kilima kwenda shambani. Ndiyo maana mwandishi alizoea kuuliza habari za vilima kabla ya habari za kifua, na swali hilo, kwa maoni yake, lilishinda vifaa vingi.

Kliniki, hata hivyo, iliitwa ya sukari, na aliyeambiwa kuwa sukari yake imeshuka alirudi nyumbani akijiona amepona. Utafiti wa ACCORD, ambao mwaka 2008 ulisitisha tiba ya kushusha sukari kwa nguvu kwa sababu vifo viliongezeka miongoni mwa waliopewa, ulimthibitishia mwandishi kwamba sukari peke yake si kinga ya moyo, na kwamba shinikizo la damu, tumbaku na lehemu, yaani mafuta yaliyomo katika damu, havina budi kushughulikiwa pamoja nayo. Kumshawishi mtu asiyeumwa popote anunue statini, kidonge cha kushusha lehemu, kila mwezi, hata miezi isiyo ya mavuno: hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Wachache walifika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Wengi wao walitamani stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua mshipa bila kupasua kifua. Lakini utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye ateri kadhaa zilizoziba, ulionyesha kuwa katika miaka 5 kifo, shambulio la moyo au kiharusi viliwapata asilimia 18.7 ya waliopandikizwa mishipa kwa upasuaji na asilimia 26.6 ya waliowekewa stenti, ijapokuwa kiharusi chenyewe kiliwapata zaidi waliopasuliwa. Mwandishi aliwaeleza hayo kabla ya safari, pamoja na ndugu waliochanga nauli. Waliporudi na barua yenye orodha ya dawa, aspirini na statini zikiwamo, kilichobaki kilikuwa kutafuta ni duka gani la Ngara mjini lililokuwa nazo.