Grogan, Kwa Wachonga Funguo

Msomaji, ukishuka kutoka mzunguko wa Globe jijini Nairobi na kuifuata Barabara ya Kirinyaga, utasikia kabla hujaona: nyundo, tupa, na wauza spea wanaokuita "mkubwa" hata ukiwa umevaa kandambili. Wenyeji wangali wanaiita Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan.

Hapa ndipo magari makuukuu, akina Peugeot 504 na Datsun, hupelekwa vitasa vikichoka. Fundi akinakili ufunguo uliolika, utapata uchakavu ule ule, kwani ndani ya kitasa mna vibapa vidogo vya chuma na kila kimoja kinangoja kimo chake. Mpelekee ule wa akiba usiotumika sana. Kama hauko, mwombe akifungue kitasa chenyewe, achonge kwa kufuata vibapa.

Ukiufungia ufunguo ndani ya gari, utaletewa waya wa kupenyezwa kando ya kioo. Fundi stadi humaliza upesi. Asiye stadi hukuachia mpira uliochanika na mvua mlangoni.

Lakini mlango unaofunguka wenyewe gari likiingia shimoni ndio hatari hasa, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Usikubali kufungiwa kamba! Mara nyingi ulimi wa kitasa umegandwa na grisi na vumbi, au chuma kinachoupokea kimelegea skrubu. Huoshwa kwa mafuta ya taa, hupakwa grisi mpya, hukazwa. Utaisubiri kazi hiyo umeketi juu ya tairi kuukuu, chai ya maziwa mkononi.