Haki ya Kusikilizwa

Binti yangu wa tatu ni wakili. Mwezi wa Julai mwaka 2024 alikuja nyumbani bila taarifa, akiwa na begi dogo na mafaili mawili yaliyofungwa kwa kamba, akalala siku mbili mfululizo. Mama yake alidhani ni malaria. Siku ya tatu alitoka nje, akaketi nami chini ya mwembe, na nilipompa kikombe cha chai niliona mkono wake unatetemeka.

“Mama, una nini?” nikamwuliza.

“Nimechoka, Baba.”

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba sisi tuliwafundisha wanachuo tisini katika darasa moja, mshahara ukichelewa miezi miwili, na hakuna aliyerudi kwa wazazi kulala. Hakunijibu. Alinieleza tu, taratibu, habari ya shauri la ardhi ambalo alilisahau siku ya kutajwa. Wateja wake walikuwa ni wajane wawili waliosafiri usiku kucha kwa basi. Walifika mahakamani asubuhi, wakakaa kwenye benchi mpaka saa tano, na wakili wao hakuonekana. Yeye alikuwa ofisini kwake, mbele ya meza iliyojaa makaratasi, akiamini kwa dhati kwamba siku ile ni Jumanne kumbe ni Jumatano.

Jioni alinisomea taarifa ya Chama cha Mawakili cha Kimataifa, kile kinachojulikana kwa herufi IBA, kilichoanzishwa New York mwaka 1947 na chenye makao yake London. Mwaka 2021 chama hicho kilitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu afya ya akili ya wanasheria duniani, baada ya kuwauliza watu zaidi ya 3,000. Walitumia kipimo cha maswali matano cha Shirika la Afya Duniani, ambacho mtu akipata chini ya alama 52 kwa mia huhesabiwa kuwa hali yake inafaa kuangaliwa. Wastani wa wanasheria ulikuwa 51. Tena asilimia 41 walisema wasingeweza kuzungumza na mwajiri wao juu ya hali zao bila kuogopa kujiharibia kazi.

Nikiri kwamba mpaka jioni ile sikuwa na heshima kubwa kwa vyama hivi vikubwa vya wanasheria. Niliviona kama mikusanyiko ya watu waliovaa suti nyeusi, wanaosafiri kwa ndege kwenda kupitisha maazimio na kurudi na mikoba yenye nembo. Na sababu ninazo. Chukua Tume ya Kimataifa ya Wanasheria yenye makao Geneva. Ilizaliwa Berlin ya Magharibi mwaka 1952, katika mkutano uliofanyika siku chache tu baada ya mwanasheria Walter Linse kutekwa mchana kweupe mbele ya nyumba yake na kuvushwa upande wa Mashariki. Alipigwa risasi Moscow mwaka uliofuata. Hapo hakuna wa kubisha kuwa kulikuwa na jambo la kulilia. Lakini mwaka 1967 ilifichuka kwamba sehemu ya fedha za Tume hiyo ilitoka kwa majasusi wa Marekani, CIA, kwa kupitia mfuko mmoja wa huko huko Marekani. Sisi tuliokuwa vijana wa Azimio la Arusha, mwaka ule ule wa 1967, habari kama hizo zilitutosha kufunga mjadala. Tulisema haki za binadamu ni fimbo ya mabeberu.

Binti yangu hakubishana nami juu ya fedha za CIA. Aliniuliza kama najua kilichofanyika Lagos. Sikujua, ingawa nimefundisha historia miaka kumi na miwili.

Basi nikajifunza uzeeni. Mwezi wa Januari mwaka 1961, kabla Tanganyika haijapata Uhuru, Tume ile ile iliwakusanya Lagos majaji, mawakili na walimu wa sheria 194 kutoka nchi 23 za Afrika na nyingine tisa za nje. Katika azimio lao waliziomba serikali za Afrika zifikirie kuandika mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kuweka mahakama ya kuulinda. Wakati ule wengi wa watu hao walitoka katika nchi ambazo bendera zake zilikuwa hazijafifia jua, na nyingine zilikuwa hata hazijashonwa. Ombi lilikaa. Mapinduzi ya kijeshi yalikuja mmoja baada ya jingine, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na desturi ya kutoingilia mambo ya ndani ya jirani.

Jirani mmoja tunamkumbuka vizuri. Tarehe 21 Septemba mwaka 1972 askari wa Idi Amin walimkamata Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, ndani ya jengo la Mahakama Kuu Kampala, siku chache baada ya kuamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa kinyume cha sheria aachiliwe. Hakuonekana tena. Mimi nilikuwa mwanachuo wa ualimu, tukasikiliza habari kwenye redio ya mkufunzi tukiwa tumesimama dirishani kwake. Mwaka 1974 Tume ya wanasheria ilipeleka Umoja wa Mataifa taarifa ndefu juu ya mauaji na uvunjaji wa sheria nchini Uganda. Amin alitawala miaka mitano zaidi. Nasema hivi ili nisionekane nimegeuka mpiga zumari wa vyama hivi. Karatasi haizuii risasi. Ila aliyeandika taarifa ile alifanya kazi ambayo serikali nyingi za Afrika hazikutaka kuifanya, na baadaye hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Mkataba ulioombwa Lagos uliandikwa hatimaye. Wataalamu walikutana Dakar mwaka 1979 chini ya Jaji Kéba Mbaye wa Senegal, ambaye wakati huo huo alikuwa rais wa Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, na wakuu wa nchi wakaupitisha Nairobi mwaka 1981. Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Ulianza kutumika tarehe 21 Oktoba mwaka 1986. Ibara yake ya saba inampa kila mtu haki ya shauri lake kusikilizwa.

Hapo ndipo niliposimama, kwa sababu mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1986 mimi, mkuu wa chuo, nilimfukuza mwanachuo bila kumsikiliza.

Magunia matatu ya maharage yalipungua stoo. Mtunza stoo alisema alimwona kijana fulani wa mwaka wa pili karibu na mlango usiku. Bodi ilikutana ofisini kwangu. Kikao kilichukua dakika ishirini, kwani mvua ilikuwa inakuja na wajumbe wawili walikuwa wamekuja kwa baiskeli. Mjumbe mmoja, mama mmoja mtulivu, aliuliza kama kijana ataitwa. Nikasema hakuna haja, ushahidi unatosha. Barua niliiandika kwa mkono wangu, katibu muhtasi akaipiga chapa, nami nikaipiga mhuri. Kijana alipewa nauli na kupakiwa kwenye lori la kahawa.

Muhula wa pili uliofuata mkaguzi wa hesabu alikuja. Kumbe magunia yale hayakuwahi kuingia stoo. Yaliandikwa kwenye leja tu. Mtunza stoo alihamishwa. Nilimwandikia kijana barua moja kwa anwani ya shule ya msingi ya kijijini kwao. Haikujibiwa, nami nikajiambia kwamba nimetimiza wajibu. Kwa miaka thelathini na minane jambo hilo nilikuwa nimelisimulia mara nyingi, tena kama hadithi ya mtunza stoo mwizi. Nilipomsimulia binti yangu hivyo hivyo, aliweka kikombe chini.

“Lakini Baba, mlimwita mkamsikiliza?”

Alirudi mjini baada ya wiki mbili. Njiani tulipita Arusha pamoja, akanipeleka kwenye mahakama iliyoombwa na watu wa Lagos. Itifaki ya kuiunda ilipitishwa mwaka 1998, majaji wa kwanza walichaguliwa mwaka 2006, na mwaka 2007 mahakama ikahamia Arusha. Miaka arobaini na mitano, toka azimio hadi majaji! Mwalimu akichelewa hivyo, wanafunzi huwa wamekwisha kuwa na wajukuu.

Nilidhani ni mahali pa marais na mabalozi. Binti yangu akanieleza kwamba mashauri mengi kutoka nchini kwetu yaliletwa na wafungwa. Alinisimulia shauri la Alex Thomas, aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kesi yake ilikuwa imeendelea bila yeye kutoa utetezi, akiwa amelazwa hospitalini, na hakuwa na wakili. Mbele ya mahakama ya Arusha alitetewa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, ambao nao una makao yake mjini humo humo, na mwezi wa Novemba mwaka 2015 majaji wakasema haki yake ya kusikilizwa na kupewa msaada wa sheria ilivunjwa. Kabla ya hapo, tarehe 14 Juni 2013, mahakama ilikuwa imetoa hukumu yake ya kwanza dhidi ya nchi kuhusu kiini cha shauri. Nchi hiyo ilikuwa Tanzania, jambo lilikuwa mgombea binafsi, na walioshtaki ni Mchungaji Christopher Mtikila pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda huko moja kwa moja. Nilisoma habari hiyo gazetini wakati ule na kufungua ukurasa wa michezo.

Sasa kuhusu uchovu. Zamani ningesema kwamba chama cha mawakili kinachopima furaha ya mawakili kimekosa kazi. Lakini mfungwa aliyekosa wakili na wajane wawili wenye wakili asiyejua leo ni siku gani, tofauti yao ni ndogo kuliko ninavyopenda kukubali. Nami nakumbuka ile bodi yangu ya dakika ishirini. Mwezi ule nilikuwa nalala saa nne kwa usiku, nadaiwa mahindi ya chuo na msambazaji, na nilitaka jambo moja angalau liishe siku ile. Sisemi hivyo kujitetea. Hakuna chama cha walimu kilichowahi kuniuliza maswali matano.

Mwezi wa Septemba nilifunga safari kumtafuta kijana wangu. Ni mzee mwenzangu sasa, anapasua mbao Lushoto. Alinitambua kabla sijataja jina.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Nilishindwa kuitikia vizuri. Alinipa kigoda, akaagiza maji, akazungumza kwa muda wa saa nzima nami sikumkatiza. Usiku ule wa stoo alikwenda kuomba mafuta ya taa. Barua yangu ya pili aliipata, akamsomea baba yake, lakini mzee alisema barua isiyo na mhuri mtu yeyote anaweza kuiandika. Baba huyo alifariki mwaka 1989 akiamini amezaa mwizi.

Aliniomba kitu kimoja: barua nyingine, ya chuo, yenye mhuri. Nami nimestaafu miaka mingi, mhuri sina. Niliporudi nilimpigia simu binti yangu. Alisema atashika shauri hilo yeye, bila malipo, ila si usiku, kwa kuwa siku hizi anafunga ofisi saa kumi na moja. Ameandikia chuo mara mbili. Hadi ninapoandika maneno haya majibu hayajaja, na kila Ijumaa yule mpasua mbao hunipigia kuuliza.