Tulikuwa tisa tu, Mirongo

Jumamosi niliwaita akina dada wanaoandika, kuchora na kushona, nyumbani kwa mama mdogo hapa Mirongo. Tukawa tisa, chai, mihogo, na sato mmoja tuliyemgombania kichwa (heheee!). Tukasoma Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando ya 1982: wanawake wanahangaika kusimamisha nguzo, haisimami. Mimi naona wangeanza kuisoma wanaume.

Basi mmoja wetu, fundi cherehani anayeandika mashairi usiku, akasema mchumba wake kamwambia achague: daftari au ndoa. Kimya. Mama mdogo, tuliyedhani kasinzia, akauliza, "Na yeye anaacha nini?"

Dada akafungua daftari, akasoma mashairi manne. Mwezi ujao anakuja tena, kasema. Habari za pete sikumwuliza.