San Agustin, Uwanda Unaosikiliza Mashimo Meusi

Ukitoka Socorro, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, shika barabara namba 60 uelekee magharibi. Utaupita mji mdogo wa Magdalena, kisha milima itaachana, na uwanda wa San Agustin utatokeza mbele yako: mpana, mkavu, wa nyasi fupi, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mbali utaona vidoa vyeupe. Ukikifikia kimojawapo itabidi uinue shingo, maana ni sahani yenye kipenyo cha mita 25 na antena nzima ina uzito wa zaidi ya tani 200.

Hapa ndipo ilipo Very Large Array, iliyozinduliwa mwaka 1980. Antena 27 zimepangwa kwenye njia tatu za reli na hufanya kazi kama darubini moja ya redio. Zikitandazwa zote, upana wake hufika kilomita 36. Subiri kidogo chini ya moja: mota zitavuma, na sahani zote zitageukia upande mmoja wa anga kwa pamoja.

Milima iliyouzunguka uwanda huu ndiyo neema yake, kwani hukinga kelele za redio za mijini. Bila kinga hiyo, ishara hafifu kutoka mbali zingepotea.

Mojawapo ya ishara hizo hutoka kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240. Galaksi zake zimezama katika gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo hutoa eksirei, na hivyo hupoteza joto. Ingeachwa ipoe, ile ya katikati ingezaa nyota nyingi mno kuliko tunazoziona. Kinachozuia ni shimo jeusi lililo ndani ya galaksi ya NGC 1275. Hurusha mikondo ya chembe zenye kasi kubwa, na mikondo hiyo huisukuma gesi kando na kupuliza mapovu yanayopanda kama ya uji unaochemka. Darubini ya Chandra huyaona kama matundu katika mwanga wa eksirei. Antena za San Agustin huonyesha kwamba matundu hayo yamejaa chembe zinazotoa mawimbi ya redio. Mwaka 2003, Andrew Fabian wa Cambridge na wenzake walieleza kwamba mapovu hayo husambaza mawimbi ya sauti ndani ya gesi, takriban oktavu 57 chini ya Do ya kati ya piano. Wataalamu wanaona kwamba nishati ya mawimbi hayo inaweza kuirudishia gesi joto inalopoteza.

Nenda San Agustin. Beba koti na maji, zima simu kama wageni wanavyoombwa, na ufuate njia ya miguu hadi chini ya antena. Naupenda uwanda huu kwa sababu uko wazi, na uwazi huo umetusaidia kujua kwamba shimo jeusi, linalosifika kwa kumeza, hupasha joto eneo kubwa kuliko galaksi lilimokaa.