Sukari ya Ukoo: Unarithi Damu, Unarithi na Sufuria (Sehemu ya 5)

Tuko sehemu ya tano ya mfululizo wetu wa kisukari. Tangu wiki iliyopita meseji zimekuwa nyingi, na nyingi zinauliza kitu kimoja: "Nesi, kama wazazi wangu wote wana sukari, mimi si itanipata tu hata nifanyeje?"

Leo najibu hilo. Ni ndefu kidogo, soma taratibu. Linakuhusu wewe, na linanihusu na mimi, maana mama yangu mzazi ana kisukari.

Kwanza tuelewane. Nazungumzia kisukari aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima. Aina ya kwanza, inayoanza zaidi kwa watoto na vijana, ni habari nyingine. Pale kinga ya mwili yenyewe ndiyo inaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Mtoto hakuipata kwa kula pipi, kwa hiyo msimsimange mama yake.

Haya. Je, kisukari aina ya pili kinarithiwa? Ndiyo, kwa sehemu. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu, hatari yako inakuwa karibu mara mbili hadi tatu ya mtu asiye naye. Hakuna jeni moja ya kisukari. Ziko nyingi sana, kila moja inachangia kidogo kidogo. Mojawapo inayojulikana zaidi inaitwa TCF7L2. Ukirithi ile aina yake yenye hatari, kongosho lako linakuwa zito kutoa insulini ya kutosha.

Ila jeni haifanyi kazi peke yake. Inasubiri unachoiletea mezani.

Nawapa mfano wa mbali, maana ndio ulionifungua macho. Kule Arizona, Marekani, kuna kabila linaitwa Pima. Wenyewe hujiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mto. Walikuwa wakulima hodari, wakimwagilia mahindi, maharage na maboga kwa maji ya Mto Gila. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa juu ya mto wakayachepusha maji, mashamba yakakauka. Miaka iliyofuata watu hao wakawa wanakula chakula cha msaada na cha dukani: unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe. Kazi ya shamba nayo ikapungua. Wakawa miongoni mwa watu wenye kisukari kingi kuliko wote duniani.

Sasa sikilizeni. Wapima wengine wanaishi Maycoba, milimani kule Sonora, Mexico. Kijeni ni ndugu wa karibu na wale wa Arizona, ila hawa waliendelea kulima kwa mikono na kula mahindi na maharage yao. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha. Wa Arizona, asilimia 38 ya watu wazima walikuwa na kisukari. Wa Mexico, asilimia 6.9.

Damu inakaribiana, sufuria tofauti. Rudia kusoma hizo namba mbili.

Utasema, nesi, hao ni makundi mawili ya mbali, mimi ni mtu mmoja. Sawa. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 3,234 ambao sukari yao ilishapanda lakini haijafika kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kula vizuri, kupunguza kama asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ndani ya miaka kama mitatu, hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa imepungua kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa dawa isiyo na kitu ndani. Baadaye wakawapima jeni, ile ile TCF7L2. Kwenye kundi ambalo halikupewa msaada huo, wenye nakala mbili za hatari waliugua zaidi kwa wazi. Kwenye kundi la waliobadili maisha, tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana. Jeni ilikuwepo vile vile, ila ilikosa wa kuisaidia.

Turudi nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alilima kwa jembe hadi uzeeni. Alikula dona, mchicha, kunde, samaki akipatikana. Nilimpima mwenyewe kila alipokuja kututembelea, sukari yake ilikuwa kawaida. Mama aliolewa mjini. Mjini kukawa na sembe nyeupe, chai ya vijiko vitatu na maandazi asubuhi, soda mgeni akija, na daladala hadi mlangoni. Kisukari kikamkuta na miaka 49. Mama alimzaa nani? Mimi na kaka yangu. Alitupa damu yake, na kwenye sufuria yake ndiko tulikojifunzia kula.

Kaka nilimpima mwezi uliopita, hajala kitu tangu usiku: 6.4. Kisukari kinaanzia 7.0, kwa hiyo bado hajafika, lakini yuko mlangoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, mama anayo, mama mkubwa anayo, mjomba kafa nayo. Hii ni ya ukoo. Niache nile." Nikamjibu, "Kaka, kama ni ya ukoo, ndiyo sababu wewe usile kama jirani ambaye kwao haipo." Hajanijibu hadi leo. Ila wifi ameniambia soda haiingii tena ndani. Namuombea.

Kwa hiyo kama kwenu ipo, fanya haya:

1. Pima sukari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi popote. Mimi hupima kila Januari.

2. Gawa sahani: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki au nyama. Sisi tumezoea ugali mlima, mboga kijiko. Geuza.

3. Saga dona. Hulipii kukoboa, na nyuzinyuzi zinabaki. Ila dona nayo ukijaza sahani, sukari inapanda.

4. Soda na juisi za dukani ziondoke kwenye kila siku. Sukari ya chai ipunguze kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

5. Tembea. Shuka kituo kimoja kabla.

6. Kama tayari unatumia dawa, usiziache kwa sababu ya post hii. Chakula na dawa vinafanya kazi pamoja. Ongea na daktari wako.

Na wanawake wenzangu, msimpikie mgonjwa chungu chake pembeni, huku watoto wakila kile kile kilichomuumiza. Watoto ndio wana damu yake. Chungu kiwe kimoja.

Sehemu ya sita tutaongelea miguu, na kwa nini tunawaambia mkague nyayo kila jioni. Swali liache hapo chini, nikitoka zamu ya usiku najibu.